Choo cha Babu

Shangazi alianguka kwenye maji ya choo siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa amevaa gauni lake la kwendea hospitali. Si gauni lolote, ni lile la kijani analolitoa kabatini mara mbili kwa mwaka, akalinusa kwanza ndipo akalivaa. Uani palikuwa na mbao tatu za kukanyagia, na ubao wa katikati ulikuwa umeoza. Macho yake, maskini, hayajui tena kilichooza na kisichooza. Ubao ukakatika, shangazi akaenda chini kwa makalio, na yale maji meusi yenye povu la kijivu yakampanda hadi kifuani.

Fundi, binti wa kaka yake, alikuwa jikoni. Alisikia "Lo!" moja tu, halafu kimya. Alipotoka alimkuta bibi wa watu ameketi humo kama aliyeketi kwenye beseni, fimbo ameinua juu isilowe.

"Usije na viatu vyako vizuri," shangazi akamwambia.

Alimwogesha kwa ndoo saba. Gauni alilitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga mafundo mawili, na bado harufu ikatoka. Ndoo ya tano shangazi akauliza, "Mwanangu, bado nanuka?"

"Hunuki, shangazi."

"Mwongo mkubwa wewe. Kilichokufa kwangu ni macho. Pua iko hai."

Fundi aliendelea kumimina maji, meno ameyauma. Hasira zilimjaa, lakini zaidi ya hasira kulikuwa na kinyaa, tena si kinyaa cha yale maji tu. Maji ya choo hayana kosa, yanakwenda yanakosukumwa. Kilichomchefua ni kwamba kila mwenye cheo katika mji ule alikuwa anajua, mwaka wa tatu sasa, kwamba yapo pale.

Tuseme ukweli wote, hadithi isije ikapinda. Nyumba ilikuwa ya tatu ukiingia kichochoroni, ya mawe na chokaa, na aliijenga babu yake Fundi, ambaye ndiye baba yake shangazi. Kule uani alijenga na choo, kijumba kidogo chenye kuba juu, kwa matumizi ya familia moja. Siku hizi nyumba nne zilikuwa zinamwaga humo humo. Shimo likajaa, likatapika, likaendelea kutapika. Dawa yake ilikuwa mtaro mmoja tu wa bomba, hatua arobaini, kutoka uani kupita kichochoroni hadi bomba kubwa la barabarani. Fundi aliandika barua ya kuomba kibali, akaandika ya pili, akaandika ya tatu. Jibu lilikuwa lile lile: mtaro utavuruga mawe ya kichochoro, ambayo ni urithi wa vizazi vijavyo.

"Hivyo vizazi vijavyo," shangazi aliuliza aliposomewa, "vyenyewe haviendi chooni?"

Wakati huohuo hoteli ya pembeni iliinua mawe hayohayo kama mtu anayekunja mkeka, ikapitisha bomba lake na nyaya zake kwa siku mbili, ikayarudisha upogo. Ukipita pale hadi leo jiwe linabonyea. Hakuna aliyeandikiwa barua.

Jioni ya Jumanne hiyohiyo Bwana Mradi akaja. Alikuwa mkuu wa ofisi ya mji mkongwe, na jina hilo alipewa na Cherehani, jirani wa mbele, mshonaji ambaye ulimi wake na mashine yake vilikuwa vinashindana nani atanyamaza mwisho. "Huyu ukimsalimia hujambo," Cherehani alisema siku moja, "anakujibu mradi." Basi likamganda. Alikuwa mtu wa viatu vilivyochongoka na kitambaa cha mfukoni chenye manukato, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba hata moja. Mazungumzo yake yote aliyafanyia mlangoni, kitambaa puani.

"Fundi wangu, nimekuletea kazi," akasema. "Siku kumi kutoka leo wanakuja wakaguzi. Ndio wataamua kama mji wetu unabaki kwenye orodha ya miji ya kihistoria au tunafutwa. Nataka nyumba kumi na mbili za kichochoro hiki zipigwe plasta mbele, zing'ae."

Hapo alikuwa amebisha mlango sahihi, maana Fundi ndiye aliyebaki peke yake mjini anayeijua kazi ya chokaa. Babu aliifanya, baba akaifanya, naye mwanamke wa miaka arobaini na sita akaachiwa mwiko na mikono iliyobabuka. Kuyachoma mawe, kuizima chokaa shimoni mpaka ilainike kama siagi, kuipiga ukutani safu tatu, yote alikuwa nayo kichwani.

"Siku kumi haiwezekani," akajibu. "Safu moja peke yake inataka wiki ikauke. Ziko tatu."

"Ndiyo maana nikasema plasta. Sikusema chokaa." Bwana Mradi akacheka kidogo. "Chini piga simenti, juu pakaza chokaa iwe na ile rangi. Nani atakwaruza?"

"Bwana, kuta hizi zinapumua. Maji yanapanda kutoka chini, yanatokea kwenye chokaa, yanakauka. Ukiuvisha ukuta simenti umeuziba pua. Maji yatatokea wapi? Yatatokea ndani, vyumbani kwa watu."

"Fundi, funika kombe mwanaharamu apite. Wakishaondoka utabandua."

"Simenti haibanduki hivyo. Inatoka na jiwe lake."

"Basi tutaona wakati huo."

"Sifanyi."

Bwana Mradi hakukasirika. Alimtazama, akatazama ndani kupita bega lake, hadi kule uani kulikokuwa kunatoka ile harufu, na kitambaa akakikandamiza zaidi. Kisha akafungua mkoba akatoa karatasi. Ilikuwa kibali cha mtaro, kimeshachapwa, chenye namba ya nyumba na jina la ukoo. Kilikuwa kinangoja saini na muhuri tu. Fundi alikitambua kabla hajamaliza kukisoma.

Kumbe kilikuwa tayari! Miaka mitatu shangazi anavuka juu ya mbao kama mtu anayevuka mto, na karatasi imekaa mkobani inangoja siku ya kutumika kama chambo.

"Saini sasa," Fundi akasema.

"Naisaini sasa hivi, mbele yako. Muhuri uko ofisini. Wakaguzi wakiondoka wameridhika, nagonga." Akaisaini juu ya goti, saini ndefu yenye mikia, akairudisha mkobani.

Kutoka chumbani shangazi akakohoa. Alikuwa ameanza kukohoa tangu asubuhi.

"Nitafanya," Fundi akasema.

Watu watakuambia aliuza kazi ya babu yake. Ni kweli, aliiuza. Lakini atokee mmoja wao aliyewahi kumfuta kinyesi kifuani mtu aliyemlea, ndipo tuzungumze.

Alipiga saruji siku nane mfululizo, yeye na vibarua wawili aliopewa na ofisi. Ilikuwa kazi rahisi, na urahisi wenyewe ndio uliomtia kinyaa. Chokaa unaibembeleza. Unaisubiri, unairudia, unaipigapiga kwa ubao mpaka ikubali. Saruji unaitupa tu, inashika, imekwisha. Kila ukuta aliomaliza alihisi kama amempaka mgonjwa poda badala ya kumpa dawa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na yeye ndiye aliyekuwa anaupaka mkakasi wenyewe.

Cherehani alimtazama kutoka mlangoni pake, mguu kwenye mashine. Ofisi ilikuwa imempa kazi ya kushona bango kubwa la kutundika kichochoroni: URITHI WETU, MAENDELEO ENDELEVU.

"Shoga," akasema, "haya maendeleo endelevu ndiyo nini?"

"Sijui. Wewe ndiye unayeyashona."

"Mimi ninachokiona kinaendelea hapa ni maji ya choo. Hayo kweli ni endelevu, mwaka wa tatu hayajakatika."

Fundi alitaka kucheka ikashindikana.

Nyumba yao aliiacha ya mwisho. Alipomaliza, shangazi akatoka polepole, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Akasimama mbele ya ukuta wa baba yake, akainua fimbo, akaugonga. Mafundi wa chokaa wana desturi hiyo: hawauamini ukuta kwa macho, wanaugonga kwa kifundo cha kidole wausikilize. Chokaa iliyokomaa inaimeza sauti. Saruji inakurudishia, ka! ka! kama sahani.

Ukuta ukasema ka.

Fundi alisimama na mwiko mkononi, anangoja kutukanwa. Angetukanwa angepumua. Lakini shangazi aliishusha fimbo, akageuka, akarudi chumbani kwake, na kwa siku mbili nzima hakuzungumza naye ila kuhusu joto.

Siku ya wakaguzi kichochoro kilikuwa hakijijui. Bango liko juu. Vyungu vya maua vimeazimwa kutoka hotelini, vimegeuzwa ili jina la hoteli litazame ukutani. Nyumba zote kumi na mbili zilikuwa nyeupe hadi macho yanauma. Nyuma, kwenye nyua zote, Bwana Mradi alikuwa ameleta magunia ya vumbi la mbao, yakamwagwa juu ya maji machafu, na amri ikatolewa kila mlango ufungwe. Vumbi lile lilivimba likawa uji. Harufu ikawa mbili badala ya moja.

Wakaguzi walikuwa watatu. Wawili walikuwa vijana wenye kamera, wakipiga picha kila kitu hadi paka. Wa tatu alikuwa mzee wa miwani minene, kalamu nne za risasi mfukoni, na viganja vipana vilivyopasuka. Fundi aliviona vile viganja kutoka mbali. Fundi anamjua fundi.

Mzee akafika nyumba ya kwanza akaugonga ukuta. Ka. Akafika ya pili, akagonga. Ka. Ya tatu hakugonga mara moja, aliweka kiganja kwanza, akakiacha hapo kidogo, ndipo akagonga. Ka.

"Nani amepiga plasta hii?" akauliza.

"Huyu hapa!" Bwana Mradi akamvuta Fundi mkono, furaha tupu. "Hazina yetu, mzee! Kizazi cha tatu cha mafundi wa chokaa!"

Mzee alimtazama Fundi, akashuka na macho hadi mikononi mwake, kwenye makovu ya chokaa yasiyodanganya. Alitoa kitambaa akafuta kidole alichogongea, taratibu, kama mtu aliyegusa kitu kilichooza. Fundi alitamani ardhi ipasuke. Matusi ya dunia nzima yangemwuma kidogo kuliko kile kitambaa.

Hapo ndipo mambo yalipotoka mikononi mwa Bwana Mradi. Mzee alisimama ghafla, akajishika tumbo.

"Samahani. Naomba choo."

"Hotelini, mzee wangu! Dakika tano tu, ni hapo pembeni."

"Kijana, hizo dakika tano mimi sina."

"Lakini mzee, huku ndani..."

Mlango wa nyumba ya tatu ukafunguka. Shangazi alikuwa amesimama na fimbo yake, amevaa lile gauni la kijani, limefuliwa mara nne.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Pita ndani, mzee mwenzangu. Kanyaga katikati ya kila ubao, usikanyage pembeni."

Mzee akapita. Kichochoro kizima kikanyamaza, hata mashine ya Cherehani ilisimama, jambo lisilowahi kutokea. Wakasikia mbao zikilia, mlango wa choo ukifungwa. Wakangoja. Wakangoja tena. Kisha kutoka uani ikasikika sauti ndogo, nzito, du, du, du. Mzee alikuwa anaugonga ukuta wa choo.

Alitoka suruali imelowa hadi juu ya vifundo vya miguu, na vumbi la mbao limemganda kwenye viatu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kumwona ndugu aliyedhani amekufa.

"Lile kuba nani alilijenga?"

"Baba yangu," shangazi akajibu. "Chokaa yake niliikanyaga mimi kwa miguu, nikiwa na miaka tisa. Wiki sita nilikanyaga. Kucha zilinitoka."

"Halina hata ufa."

"Kwa nini liwe na ufa?"

Mzee akawaita vijana wake wakapige picha. Walikwenda, walirudi wamekunja nyuso, mmoja ametapika kidogo kwenye chungu cha maua cha hoteli. Mzee alimsogelea Fundi, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Wewe unaweza kujenga kama lile?"

"Naweza."

"Basi hii ya mbele ni nini?"

Bwana Mradi alikuwa hatua mbili nyuma, mkoba kifuani, na ndani ya mkoba ile karatasi. Fundi aliiona kana kwamba mkoba ni kioo.

"Muda haukutosha," akasema. Kisha akaongeza haraka, "Mzee, umeona hali ya uani. Tunaomba mtaro tu. Shangazi alianguka humo."

"Nimeona," mzee akasema. "Nitaandika."

Wiki sita zikapita. Muhuri? Ah, subiri ripoti. Fundi akienda ofisini, Bwana Mradi yuko mkutanoni. Akipiga simu, yuko njiani. Huko nyumbani ukuta nao ulianza kufanya kile alichosema utafanya. Kwanza ulitoa jasho chumbani kwa shangazi, upande wa kitanda. Kisha mstari wa kahawia ukapanda, kila siku upana wa kidole. Plasta ya ndani, chokaa ya babu ya miaka yote ile, ikalegea, ikawa inadondoka vipandevipande juu ya mto. Na kwa kuwa maji yaliyokuwa yanapanda ni yaleyale ya uani, harufu ilihama kutoka uani ikaja kulala na bibi kitandani. Mende wakafuata. Kikohozi kikashuka kifuani.

"Mvumilivu hula mbivu," shangazi alisema, uso umelegea. "Sisi tumevumilia tumekula mbovu."

Fundi alihamishia kitanda katikati ya chumba. Alichukua nyundo na patasi, akaenda mbele, akajaribu kuibandua saruji kwa mkono wake mwenyewe. Ilitoka na jiwe lake, kama alivyosema. Alisimama akalitazama lile tundu. Aliyeuziba ukuta pua ni yeye, si mtu mwingine.

Siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, Bwana Mradi akatokea anatabasamu sikio hadi sikio. Alikuja na mpiga picha na kibarua aliyebeba kitu kizito kimefungwa kwa gazeti.

"Hongera, Fundi! Tumebaki kwenye orodha!"

"Kibali changu."

"Ngoja kwanza, usiwe na haraka, kuna makubwa." Akafungua ripoti, akasoma kwa sauti, kitambaa puani. "Sikiliza. 'Katika ua wa nyumba ya tatu tumekuta choo chenye kuba la chokaa halisi, kazi bora kuliko zote tulizoziona mjini. Kuba hili lihifadhiwe kama lilivyo, lisiguswe wala kubadilishwa.' Unasikia? Choo chenu ni urithi!"

Cherehani, kule ng'ambo, aliangusha mkasi.

"Na mbele?" Fundi akauliza. "Wamesemaje kuhusu mbele?"

Bwana Mradi akakunja uso kidogo. "Mbele wamesema haina thamani. Kwa kweli kazi yako ya mbele nusura ituponze. Kama pangekuwa na chokaa halisi huku, wangeorodhesha huku, na wala wasingehangaika na choo. Lakini walikuwa wanatafuta kitu kimoja cha kweli, wakakipata huko."

Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Fundi alimnyang'anya ripoti, akatafuta ukurasa, akasoma mwenyewe. Mzee hakuwa mwongo, alikuwa ameandika. Mstari uliofuata pale pale ulisema: "Wenyeji wajengewe mtaro wa maji taka bila kuchelewa."

"Hii mbona hukuisoma?"

"Hilo ni pendekezo, Fundi. La kuhifadhi ndilo agizo."

"Kibali kiko wapi?"

"Kibali hakipo tena. Mtaro ungepita chini ya lile kuba, nalo haliguswi. Sheria ni sheria."

"Kwa hiyo choo hakiguswi."

"Hakiguswi."

"Na maji?"

Bwana Mradi akaigeuza ripoti, akaitazama kwa makini kama mtu mwenye nia njema. "Kuhusu maji, agizo halikusema kitu."

Fundi alimtazama yule mtu, vile viatu, kile kitambaa, na kwa mara ya kwanza hasira zote zilimwisha. Kilichobaki kilikuwa kinyaa kitupu, safi, kisicho na kelele. Unamkasirikia mtu ukiwa bado unamtarajia kitu.

Kibarua akafungua gazeti. Kilikuwa kibao cha chuma kinene, urefu wa mkono wa mtu mzima na zaidi, kimepakwa rangi ya bluu, maandishi meupe: URITHI WA MJI. USIGUSE.

"Kifunge hapo mlangoni," Bwana Mradi akasema. "Simenti kidogo tu, kishike. Mpiga picha, jiandae."

Ndani, fimbo ya shangazi ikaanza kugonga sakafu. "Mwanangu! Nataka kwenda uani. Ule ubao umeshatengenezwa?"

Ubao haukuwa umetengenezwa. Ule wa pili nao ulikuwa umekatika jana yake, na katikati ya ua palikuwa na pengo la maji meusi ambalo hata kijana angelifikiria mara mbili.

"Nakuja, shangazi," Fundi akajibu.

Akakichukua kibao kutoka mikononi mwa kibarua. Kilikuwa kizito, chuma cha kweli, si bati. Akakibeba kifuani, akaingia nacho ndani, akapita jikoni, akatoka uani. Akakilaza juu ya pengo, ncha moja kwenye ubao uliobaki, ncha ya pili kwenye kizingiti cha choo, maandishi juu. Akapanda, akaruka mara moja. Hakikutikisika.

"Fundi! Fundi, unafanya nini?"

Bwana Mradi alikuwa amevuka kizingiti. Miaka yote ile, leo ndiyo alivuka. Alifika hadi mlango wa jikoni, na hapo viatu vyake vikakataa. Nyuma yake mpiga picha alikuwa ameinua kamera, hajui apige au asipige.

"Kibao cha serikali hicho!"

"Njoo ukitoe," Fundi akasema.

Bwana Mradi aliyatazama maji. Akatazama viatu vyake. Kitambaa kilikuwa kimejaa puani hadi macho yalimtoka machozi, na hakusogea hata hatua moja.

Shangazi akatokea na fimbo yake, akampita pembeni kama anavyopita kabati. Fundi akamshika kiwiko. Bibi akaweka mguu wa kwanza juu ya chuma, akausikilizia, akaweka wa pili. Akasimama katikati ya maji machafu ya nyumba nne, mkavu.

"Ubao huu mzuri," akasema. "Umetoka wapi?"

"Wameleta watu wa mji."

"Hatimaye." Akaburuza mguu juu yake. "Una maandishi. Wameandika nini?"

"Wameandika usiguse."

"Mimi siugusi," shangazi akasema. "Naukanyaga tu."

Akaingia chooni, akafunga mlango.